Pedali ya rivabu kwa gitaa la umeme: maswali ambayo wapiga gitaa wa Dar wanauliza kila siku

Haya maswali yananifikia karibu kila wiki, mengine kanisani baada ya ibada, mengine mazoezini, mengine ni meseji ya ghafla tu, "kaka niko Kariakoo hapa, nichukue ipi?" Nimeyaweka sehemu moja ili mtu asome kabla hajatoa hela. Msimamo wangu nausema mapema kabisa: pedali ya rivabu inachaguliwa kwa kuangalia ukumbi unaopigia na spidi ya muziki wako, sio kwa kuhesabu ina modi (aina za rivabu) ngapi. Ukilishika hilo, maswali mengine yote yanakuwa mepesi.

Rivabu inafanya nini hasa? Si ndo hiyo hiyo dilei?

Hapana. Sauti ikitoka kwenye spika inasafiri kama mita 343 kwa sekunde (kwa joto letu inazidi kidogo), inagonga ukuta, dari na sakafu, inarudi, inagonga tena, na sikio linapokea marudio mengi mno yaliyobanana kiasi kwamba huwezi kuyatenganisha, unasikia tu mkia mmoja unaofifia. Huo mkia ndo rivabu. Dilei yenyewe inakurudishia noti ileile waziwazi, ta, ta, ta, unaweza ukazihesabu. Ukuta ukiwa mita 17 kutoka ulipo, sauti inaenda na kurudi ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, hapo sikio linasikia jibu lililojitenga kabisa. Ukuta wa chumbani kwako uko mita mbili, jibu linarudi haraka sana linajichanganya na noti yenyewe. Pedali inaigiza kazi yote hiyo kwa kompyuta ndogo iliyo ndani yake.

Ukumbi wetu wenyewe unavuma, bado nahitaji pedali?

Hili lilipaswa liwe swali la kwanza kabla ya bei, na wengi hawaliulizi. Kumbi zetu nyingi hapa mjini, ziwe za kanisa au za sherehe, ni tofali lililopigwa plasta, chini tailizi, madirisha ya vioo, juu bati au jipsamu. Vyote hivyo vinarudisha sauti, hakuna cha kuinyonya. Sasa wewe unaingia na pedali umeweka holi (modi ya ukumbi mkubwa) ya sekunde nne, unapachika holi juu ya holi, alafu fundi mitambo naye ana rivabu yake kwenye miksa amewawekea waimbaji na mara nyingine amekuwekea na wewe bila kukwambia, unakuta watu wa viti vya nyuma wanasikia uvumi tu, gitaa limepotelea humo.

Fanya hivi. Ukumbi ukiwa kimya, simama katikati, piga kofi moja kavu, moja tu, alafu sikiliza linaisha lini na linaishaje. Kama linakufa palepale, mfano sebuleni penye makochi na mapazia, au baa ya wazi ya makuti, au jukwaa la ufukweni kule Kigamboni, hapo una nafasi kubwa ya kutumia rivabu na itasikika vizuri kabisa. Kama kofi linavuma sekunde mbili na kuendelea, pedali yako hapo ina kazi ndogo sana, weka fupi na kidogo au izime kabisa, ukumbi utakufanyia kazi bure.

Na kuna jambo watu wanalisahau: miili ya watu inanyonya sauti. Wallace Clement Sabine, mwalimu wa fizikia wa Harvard kule Marekani, mwaka 1895 alipewa kazi ya kuchunguza ukumbi wa mihadhara ambao ulikuwa mpya kabisa lakini mhadhiri akiongea haeleweki, sauti ilikuwa inabaki hewani kama sekunde tano na nusu. Akawa anahamisha mito ya viti kutoka ukumbi mwingine usiku, anaipanga, anapima mvumo umepungua kiasi gani, na watu nao akawapima hivyo hivyo. Hesabu zake bado zinatumika mpaka leo. Kwako wewe maana yake ni kwamba ukipima vyombo Jumamosi ukumbi ukiwa mtupu, Jumapili watu wakijaa ukumbi unakauka, na gitaa lililosikika limelowa rivabu jana leo linaweza kuwa sawa kabisa. Kwahiyo usiuhukumu mpangilio wako kwa ukumbi mtupu, subiri watu wakae ndo uongeze au upunguze.

Springi, pleti, holi, chumba, shima. Nichague ipi?

Springi ndo sauti ya gitaa la umeme tangu zamani. Amplifaya za zamani zilikuwa na springi za chuma za kweli ndani ya kisanduku, sauti inapitishwa humo inatikisika inatoka na ule mlio wa kudondoka kama matone. Teknolojia hiyo ilikuja kupitia vinanda vya Hammond, alafu kampuni ya Fender wakatoa kisanduku cha rivabu kinachojitegemea mwaka 1961, na mwaka 1963 wakatoa Vibroverb, amplifaya yao ya kwanza yenye rivabu ndani. Kama unapenda gitaa safi lenye kung'aa, anza na springi.

Pleti ni bati kubwa la chuma lililoninginizwa kwenye fremu. Mashine ya pleti ya EMT 140 ya Ujerumani ilitoka mwaka 1957 na ilikuwa na uzito wa kama kilo 270, kwahiyo ilikaa studio tu, haikwenda popote. Sauti yake ni laini, imebanana, haina ule mdundo wa springi wala ule umbali wa holi, gitaa linabaki mbele. Mimi ukiniuliza modi moja tu ya kukaa nayo maisha, nakwambia pleti, maana inakubali karibu kila muziki wa hapa kwetu na haigombani na waimbaji.

Holi ni ukumbi mkubwa, mkia mrefu, tamu sana ukiwa peke yako chumbani na hatari sana ukiwa na bendi ya watu nane. Chumba (kwenye pedali imeandikwa ROOM) watu wanaidharau na wanakosea, ile ndo inalifanya gitaa lililochomekwa moja kwa moja kwenye miksa lisikike kama lina spika na hewa mbele yake. Shima nimeipa jibu lake huko chini. Hizo nyingine, za kurudi kinyumenyume, za kukatika ghafla, ni nzuri kwa mtu anayetengeneza muziki wa filamu au anayerekodi vitu vyake, lakini ukizitumia kwenye shoo ya kawaida ni mara moja moja sana.

Napiga sebene na dansi. Rivabu si itaniharibia?

Ukiweka ndefu, ndiyo, itakuharibia, na hesabu yake ni rahisi. Chukua wimbo wa mapigo 120 kwa dakika. Pigo moja ni nusu sekunde. Solo wa sebene anacheza noti nne ndani ya pigo moja, kwahiyo kila noti inachukua milisekunde 125. Mkia wako ukiwa wa sekunde tatu, noti ya kwanza inakuwa haijafa vizuri wakati ushapiga nyingine 24 juu yake. Zote hizo zinabanana hewani, na kile kitu kinachofanya sebene liwe sebene, ule ukali wa noti moja moja zinazodondoka kwa mpangilio, kinakwisha.

Dansi letu ndo kabisa. Kwenye mfumo wa bendi kama Msondo au Sikinde kuna solo, kuna second solo, kuna rhythm, na hayo magitaa yanajibizana, mmoja anaacha upenyo mwingine anaingia. Ule upenyo ndo muziki wenyewe. Rivabu ndefu inauziba upenyo, na ubaya ni kwamba anayeharibiwa sio wewe uliyeiweka, ni mwenzako ambaye noti zake zinamezwa na mkia wako. Tumia springi au chumba, mkia usizidi sekunde moja, kiasi kiwe kidogo mpaka ukiizima ndo unagundua kumbe ilikuwepo. Na kama hela yako inatosha pedali moja tu na kazi yako kubwa ni sebene, mimi ningekushauri uanze na dilei fupi, rivabu baadaye, inanenepesha gitaa bila kuacha matope.

Mimi niko timu ya kusifu na kuabudu. Ile sauti ya kama malaika nyuma ya gitaa inapatikanaje?

Hiyo ndo shima. Pedali inachukua mkia wa rivabu, inaupandisha oktavu moja juu, inaurudisha tena ndani, unapanda tena, kwahiyo ukipiga kodi moja ukaiacha inafunguka yenyewe kama kinanda cha nyuzi. Maprodyuza Brian Eno na Daniel Lanois walikuwa wanatengeneza sauti za namna hiyo studio miaka ya 1980 kwa kuunganisha mashine kadhaa, leo iko ndani ya kapedali kadogo.

Inapendeza kweli kwenye kuabudu, pale nyimbo zimetulia, mchungaji anaomba, wewe unapiga noti mbili tatu unaziachia. Lakini angalia na mpiga kinanda wako. Mara nyingi yeye tayari ameshika sauti ndefu za nyuzi kwenye eneo lilelile, na ukileta shima yako mnakuwa wawili mnagombania nafasi moja, na mkikosea kodi kidogo tu mnasikika mna kelele. Kaeni chini mkubaliane, akishika yeye wewe piga kavu bila rivabu, akiacha wewe ingia. Alafu mkitoka kuabudu mkaingia kusifu, zima shima kabla ya pigo la kwanza. Mkia wake unachukua muda kuisha, ukizima umechelewa unaingia nao kwenye wimbo wa haraka na kodi mpya haiendani na ya zamani.

Kwa timu inayofanya yote mawili, hiki ndo kipengele cha kutafuta kwenye pedali: uwezo wa kubadilisha kutoka mpangilio mmoja kwenda mwingine kwa mguu. Wengi wananunua pedali ya modi nyingi alafu ibada ikiendelea wanainama kuzungusha vitufe kwa vidole wakati wimbo unaanza. Kama pedali yako haina priseti (mipangilio iliyohifadhiwa), bora pedali mbili za bei nafuu, moja fupi moja ndefu, kuliko moja ya gharama unayoinamia.

Bajeti yangu ndogo. Za Kichina zinafaa?

Zinafaa, na nalisema hilo bila kusitasita. Mooer, Donner, Joyo, NUX, hizi zote zina pedali za rivabu ambazo ukifumba macho ukazisikiliza kwenye spika za ukumbi, katikati ya drams na besi, watu wachache sana watakwambia tofauti. Mooer ShimVerb ni kadogo kabisa, ina modi tatu tu, chumba, springi na shima, na kwa mpiga gitaa wa kanisani hizo tatu zinamtosha. Behringer DR600 ina modi sita na iko stereo, ila kasha lake ni la plastiki, kwahiyo ukiwa mtu wa kukanyaga kwa nguvu na kusafiri na vyombo kwenye daladala ihifadhi vizuri. Tofauti kubwa ya hizi na za gharama ni uimara wa swichi na jeki, na namna mkia unavyoisha: za bei ndogo mara nyingi mkia unaisha kwa ukwaruzwaji fulani hivi, wa gharama unayeyuka. Studio utausikia huo ukwaruzwaji. Kwenye sherehe Mbagala hutausikia.

Nikiongeza hela kidogo je?

BOSS RV-6 na TC Electronic Hall of Fame 2 ndo mbili ninazowaambia watu. RV-6 ina modi nane, ikiwemo springi, pleti, holi, chumba, shima na moja inayochanganya rivabu na dilei, ambayo kwa mtu wa pedali moja ni msaada mkubwa sana. Kasha lake la chuma ni lile lile la BOSS la miaka yote, linakanyagika. (Hao BOSS ndo waliotoa RV-2 mwaka 1987, wakati rivabu ya dijito ilikuwa bado ni mashine za kwenye raki.) Hall of Fame 2 ina swichi inayosikia uzito wa mguu, ukikandamiza zaidi mkia unaongezeka, ukilegeza unarudi, kitu ambacho kwenye kuabudu kinasaidia kuliko unavyodhani. Zote mbili kwa miaka mingi zilikuwa kwenye dola 150 hivi kule Marekani, mpaka zifike hapa na usafiri na ushuru inakuwa habari nyingine.

Mtu akitaka kitu rahisi kabisa kuna Holy Grail Nano ya Electro-Harmonix, kitufe kimoja tu cha kuzungusha na modi tatu. Naipenda kwa sababu huwezi kupotea.

Na Strymon BigSky? Naiona kwa kila mtu YouTube.

Ni pedali nzuri mno, ina mashine 12 za rivabu na priseti za kutosha, ilitoka mwaka 2013 na kwa miaka mingi imeuzwa dola 479 huko Marekani. Kama unarekodi, una gitaa zuri tayari, una spika nzuri, una kazi zinazolipa, chukua na utaifurahia. Lakini kama gitaa lako bado nyuzi zinapiga kelele kwenye freti na waya wako unakwaruza, hela hiyo ipeleke kwanza kwa fundi wa gitaa, kwenye waya mzuri na kwenye amplifaya. Rivabu inapamba sauti uliyonayo, haileti usiyonayo.

Nina multi-effect ya Zoom (pedali moja yenye efekti nyingi ndani), ninunue tena pedali ya rivabu?

Kwa sasa usinunue. Rivabu zilizomo zinatosha kujifunza, na utajua mwenyewe modi ipi unairudia kila mara. Ukigundua kila siku uko kwenye pleti ya mkia mfupi, basi siku ya kununua unajua unachotafuta na muuzaji hawezi kukuyumbisha.

Amplifaya yangu ina rivabu ndani. Kuna haja?

Kama ni springi ya kweli na inafanya kazi, hapana. Shida ni kwamba nyumba nyingi za sherehe na kumbi utapewa amplifaya yao, au hutapewa kabisa, utaambiwa "chomeka hapo kwenye miksa". Pedali ni yako, inakufuata kila unapoenda. Ila usiwashe zote mbili kwa pamoja.

Naiweka wapi kwenye mpangilio wa pedali?

Mwisho kabisa. Gitaa, tyuna, wah, ovadraivu, distoshoni (zile za kuikwaruza sauti kwa makusudi), dilei, alafu rivabu, kutoka hapo ndo kwenye amplifaya au miksa. Ukiweka rivabu kabla ya distoshoni, distoshoni inaukamata ule mkia wote inaukaanga na kuupandisha juu, unapata zogo. Kuna watu wanalipenda zogo hilo kwa makusudi na ni sawa, lakini usianze nalo. Kama distoshoni unaitoa kwenye amplifaya yenyewe na ina matundu ya SEND na RETURN nyuma, rivabu ipitishe humo: SEND iende kwenye INPUT ya pedali, OUTPUT ya pedali irudi RETURN.

Kanisani hatuna amplifaya ya gitaa, nachomeka miksa moja kwa moja. Kuna tatizo?

Gitaa la umeme lenye pikapu za kawaida likienda moja kwa moja kwenye mlango wa laini wa miksa linapoteza ung'avu wake, linakuwa butu, na ukiwa na waya mrefu wa kutoka jukwaani hadi nyuma ndo zaidi. Tumia DI boksi (kisanduku kinacholinganisha gitaa na miksa), au pedali yoyote yenye bafa (saketi inayolinda ung'avu wa gitaa kwenye waya) iwe katikati (pedali za BOSS zinayo), na kama unaweza pata pedali inayoigiza amplifaya na spika, iweke kabla ya rivabu. Alafu mfuate fundi mitambo, mwambie kwa heshima, "kaka, rivabu naiweka mimi, ile unayoniwekea kwenye miksa naomba uizime." Mazungumzo hayo ya nusu dakika yana faida kuliko kuongeza laki mbili kwenye bei ya pedali.

Stereo ni lazima?

Sio lazima. Mitambo mingi ya kumbi zetu inafungwa mono, kulia na kushoto sauti ileile. Stereo ni tamu nyumbani kwenye hedifoni na studio. Kama unarekodi sana izingatie, kama kazi yako ni jukwaani usiilipie.

Nitumie adapta gani? Ya king'amuzi nyumbani inaingia kabisa kwenye tundu.

Kuingia kwenye tundu sio kibali, na hapa ndo pedali nyingi za Dar zinapofia, kwahiyo soma hili taratibu. Pedali nyingi za gitaa zinataka volti 9 za DC, na katikati ya kichwa cha adapta iwe hasi, nje chanya. Adapta za ving'amuzi na ruta nyingi ni volti 12 na katikati ni chanya. Umeongeza volti na umegeuza chanya na hasi kwa mkupuo mmoja. Geuza adapta uangalie ile lebo: kuna kimchoro cha duara na nukta katikati, mstari unaotoka kwenye nukta unatakiwa uishie kwenye alama ya kutoa. Alafu soma palipoandikwa OUTPUT: 9V DC. Ikiwa imeandikwa AC achana nayo, isipokuwa pedali yenyewe imeandika kwamba inataka AC.

Kitu cha pili ni miliampia. Rivabu ni ya dijito, inakula umeme kuliko ovadraivu. RV-6 na wenzake inataka kama miliampia 100, BigSky inataka 300. Adapta ikiwa na miliampia nyingi kuliko pedali inazotaka hakuna shida, pedali inachukua kinachoitosha. Zikipungua, pedali haiwaki au inakwaruza. Betri ya volti 9 kwenye rivabu itakupeleka saa chache tu, usiitegemee kwa kesha.

Cha tatu, INPUT. Umeme wetu ni volti 230. Vyombo vilivyotumika vinavyotoka Japani vinaweza kuja na adapta ya volti 100, vya Marekani 120. Ukichomeka moja kwa moja kwenye soketi yetu inaungua, na ikiungua vibaya inaondoka na pedali. Tafuta iliyoandikwa 100-240V.

Na kama ukichomeka pedali zote kwenye adapta moja yenye vichwa vingi unasikia mlio mwembamba kama mbu ukiwasha distoshoni, chanzo mara nyingi ni hiyo rivabu au dilei ya dijito inayochangia umeme na wenzake. Ipe adapta yake peke yake uone, au nunua pawa saplai ambayo kila tundu limetengwa na mwenzake. Umeme ukikatika katikati ya shoo, chomoa kwanza, jenereta ikishatulia ndo urudishe.

Nikizima pedali mkia unakatika ghafla. Mbovu?

Sio mbovu, imetengenezwa hivyo. Kuna pedali zinazokata kila kitu ukikanyaga, na kuna zinazouacha mkia uishe wenyewe. Kwa kuabudu na nyimbo za taratibu unataka ya pili. Nyingine zina kaswichi ka kuchagua, pengine kako ndani au nyuma, angalia kabla hujairudisha dukani.

Nimenunua tayari. Vitufe naanzia wapi?

Anza na LEVEL au MIX sifuri. Piga kitu unachokipiga kila siku, sio kodi moja ya kujaribia. Weka DECAY au TIME robo, TONE nusu. Sasa panda MIX taratibu mpaka uisikie waziwazi, ukishaisikia rudisha nyuma kidogo, hapo ndo pa bendi. Ukiwa nyumbani peke yako utaona haitoshi, iache hivyo hivyo, jukwaani utaelewa. TONE ishushe kama ukumbi una bati na vioo maana mkia mkali unachoma masikio, ipandishe kidogo kwenye sehemu za wazi. PRE-DELAY ikiwepo, weka milisekunde 20 hadi 40, inaacha noti itoke kwanza ndo mkia ufuate, na gitaa linabaki mbele hata ukiwa umeweka rivabu nyingi. Watu wanaipita hiyo PRE-DELAY kana kwamba haipo na ndo inayotenganisha rivabu safi na matope.

Ninunue Kariakoo au niagize nje?

Kariakoo unaishika, unaijaribu, ikisumbua unajua pa kurudi. Ukiagiza unapata uchaguzi mpana, lakini jumlisha usafiri, ushuru na VAT kabla hujasema ni rahisi, na jua kwamba kurudisha mzigo ni kazi. Kwa pedali ya kwanza nunua hapa hapa. Nenda na gitaa lako na waya wako, usikubali kujaribishiwa kwa gitaa zuri la dukani maana nyumbani huendi nalo. Chomeka, shusha volyumu ya gitaa mpaka sifuri, washa pedali, sikiliza kelele peke yake. Zungusha kila kitufe polepole mwanzo hadi mwisho, kisikwaruze. Tikisa jeki kidogo, sauti isikatike. Kanyaga swichi mara nyingi mfululizo. Pitia modi zote hata usizozitaka. Muuzaji akikuharakisha, rudi siku nyingine asubuhi maduka yakiwa hayajajaa. Na uombe risiti.

Iliyotumika je?

Sawa tu, pedali hazizeeki haraka. Angalia skrubu za chini kama zimefunguliwa funguliwa, angalia tundu la adapta kama limelegea, fungua sehemu ya betri uone kama kuna kutu au maji ya betri yaliyovuja. Ikiuzwa bila adapta jaribu na yako uliyoihakikisha, usikubali ile ya kuazima pale pale.

Hii hali ya hewa ya Dar inaziathiri?

Joto lenyewe sio sana, ila usiiache kwenye gari lililoegeshwa juani. Unyevu na chumvi ya bahari ndo adui, hasa mkiwa mnapiga Msasani, Mbezi Beach au Kigamboni mara kwa mara. Jeki zinashika kutu kwa ndani, unaanza kusikia kukatika katika. Vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu usivitupe, viweke kwenye begi la pedali. Ukimaliza kupiga futa jasho, na mara moja moja pulizia kilina cha kontakti kwenye matundu ya jeki, chomeka na kuchomoa waya mara kadhaa kikauke. Betri usiiache ndani kama huitumii.

Naweza kuitumia kwa gitaa la besi au gitaa kavu?

Gitaa kavu lenye pikapu, ndiyo, chumba au pleti kidogo inalipendeza sana. Besi hapana, labda umepewa nafasi peke yako kwenye wimbo wa taratibu, vinginevyo noti za chini zikipata mkia zinafunika kiki ya drams na bendi nzima inapoteza miguu. Ukilazimika, tafuta pedali yenye kitufe cha kukata besi kwenye mkia, ikate yote.